Ugonjwa wa Akili: Nani Ataamua Kama Utalipiwa?

Mutu akivunjika muguu mu shimo la zahabu, hakuna anayeuliza kama ni mugonjwa kweli. Mufupa unaonekana. Akipata malaria, karatasi ya damu inaonyesha. Mama akishindwa kuzaa, watu wanakimbia na kipoyi mpaka hospitali, na mambo ya feza yanafuata nyuma.

Lakini kuko ugonjwa mwingine. Baba aliyekuwa mutu wa kazi anaanza kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Usiku halali. Anasikia sauti ambazo wengine hawasikii. Ao kijana aliyekimbia vita anaruka na kupiga makelele kila mara mulango ukifungwa kwa nguvu. Hapo maneno yanaanza. Mumoja anasema: «Ni mambo ya kwao.» Mwingine: «Amevuta bangi.» Wa tatu: «Ni uvivu tu.» Na yule anayeshika kisanduku cha feza, akiwa wa kompani ao wa mutuele, anasema: «Hiyo haiko ugonjwa. Hatulipi.»

Neno hilo «hatulipi» ndilo tunataka kuzungumuza mwezi huu. Nani ana haki ya kulisema? Na mugonjwa asipokubali, aende kwa nani?

KOMPANI NA HOSPITALI YAKE

Wazee wa Kalima na wa Namoya wanakumbuka wakati wa SOMINKI. Kompani hiyo ilizaliwa mwaka 1976, makompani ya zamani ya migodi yalipounganishwa. Ilikuwa na hospitali na dispanseri zake. Mufanyakazi alitunzwa pale pamoja na muke na watoto. Mwaka 1985 bei ya kasiteriti ilianguka katika masoko ya dunia, na kompani ikaanza kuregea. Mwaka 1997 ikafikia mwisho wake. Kule Namoya, katika teritware ya Kabambare, kompani ya Banro ilianza kutoa zahabu kwa biashara mwaka 2016. Mwaka 2019 kazi zikasimama kwa sababu usalama ulikosa.

Mambo hayo yanatufundisha nini? Ya kwamba matunzo yanayoshikamana na kompani moja yanaanguka pamoja nayo. Mutu anapoteza mushahara, na siku ileile jamaa yake inapoteza munganga.

Hata hivi, kwa mwenye kontra, sheria iko. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inamulazimisha patroni kumutunza mufanyakazi akiwa mugonjwa, yeye na jamaa yake: munganga, dawa, kulazwa hospitali, na safari kama inahitajiwa. Sheria inataja ugonjwa. Haigawi mutu vipande viwili, mwili upande huu na kichwa upande ule. Basi mukubwa wa kazi akisema «kompani hailipi magonjwa ya kichwa», mumuulize kwa heshima aonyeshe hilo limeandikwa wapi.

Wengine wanafikiri CNSS italipa. CNSS ilichukua nafasi ya INSS ya zamani kwa sheria ya mwaka 2016. Inashugulika na pensheni, na musaada wa jamaa, na ajali na magonjwa yanayotoka katika kazi. Haikuwekwa kwa kulipa homa ya kila siku, wala ugonjwa wa akili uliozaliwa nyumbani.

Na wachimbaji wa mikono? Hawa ndio wengi kwetu, na hawana patroni. Sheria ya migodi, tangu ilipogeuzwa mwaka 2018, inataka waingie katika koperative. Lakini koperative inayouza zahabu pamoja na kushindwa kununua dawa pamoja, hiyo inasaidia nusu tu.

KIKAPO CHA PAMOJA

Kwa hiyo watu wanatafuta mutuele ya afya. Mutuele ni kikapo cha pamoja: kila nyumba inatia kidogo, na anayepatwa leo anatolewa humo. Inchi yetu haikuanza jana. Kule Bwamanda, kaskazini-mangaribi, hospitali ilianzisha mupango wa namna hiyo mwaka 1986: watu walilipa mara moja kwa mwaka, na aliyelazwa alibaki na sehemu ndogo tu ya deni. Walimu wa shule walipata mutuele yao mwaka 2011, ikaanzia Kinshasa. Sheria ya mutuele ilitolewa tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017. Na mwezi wa 9 mwaka 2023 serikali ilianza kulipia uzazi wa wamama, kwanza Kinshasa, kisha katika majimbo mengine.

Hapa Kasongo penyewe tusijizarau. Tangu miaka ya 1970 waganga wa kwetu pamoja na Chuo cha Antwerpen, kule Ubelgiji, walipanga vituo vya afya karibu na watu, na hospitali moja nyuma yao ya kupokea magonjwa mazito. Wanafunzi wa afya katika inchi nyingi walijifunza kwa jina la Kasongo.

Sasa chukueni karatasi ya masharti ya mutuele yenu, musome mpaka chini. Mara nyingi, pale mwishoni, kuna mustari unaotaja mambo yasiyolipiwa. Tazameni kama ugonjwa wa akili umetajwa pale, pamoja na meno ya zahabu na miwani ya urembo. Ao haukutajwa popote, na hapo ndipo kila mukubwa wa komite anaamua kadiri ya kichwa chake.

Tuseme kweli: si ukatili peke yake. Kisanduku ni kidogo. Malaria inatibiwa siku tatu, lakini ugonjwa wa akili unaweza kudumu miaka. Anayeshika kisanduku anaogopa kwamba mugonjwa mumoja atakula feza ya kumi. Woga huo una maana yake. Lakini woga wa mutunza-kisanduku hauwezi kuwa ndio unaosema nani ni mugonjwa na nani si mugonjwa.

UGONJWA NI UGONJWA

Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2019 mutu 1 katika kila 8 duniani alikuwa na shida ya akili ya namna fulani. Katika inchi zilizopitiwa na vita hesabu inapanda: karibu mutu 1 katika kila 5. Mukitazama yaliyopita Salamabila, Kabambare na Kasongo, kukimbia porini mara mbili mara tatu, nyumba kuchomwa, wamama kushikwa kwa nguvu, hamutashangaa. Dokta Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, amefundisha jambo hili kwa kazi yake katika hospitali ya Panzi: mama aliyeteswa vile, kumushona kidonda peke yake hakutoshi. Anahitaji pia mutu wa kumutunza moyo na akili.

Tuchukue kifafa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si wazimu na hakiambukizi, lakini kwetu wanakitia katika kikapo kimoja na wazimu. Watu karibu milioni 50 duniani wanacho. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba watu 7 katika 10 wangeweza kuishi bila kuanguka tena kama wangepata dawa sawasawa. Na moja ya dawa hizo, fenobarbitali, ni ya bei ndogo. Basi mutuele inayokataa kifafa kwa sababu «ni cha kudumu» inaacha mutoto aanguke motoni, kisha inalipa hospitali kwa kidonda cha moto. Hiyo ni hesabu gani?

Kuko pia jambo linalogusa wachimbaji zaidi kuliko wote. Pahali wanapotumia zebaki, ile «merkire», kwa kushika unga wa zahabu, wanaichoma kwenye moto ili zahabu ibaki. Moshi ule hauonekani vizuri, lakini unaingia katika mapafu na kufika mpaka kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Mutu anaanza kutetemeka mikono. Hapati usingizi. Anasahau. Anakuwa na hasira ao haya bila sababu. Huko Uingereza, zamani, mafundi wa kofia waliotumia zebaki walijulikana kwa ugonjwa huo. Kwetu, kijana wa namna hiyo wataanza kutafuta nani aliyemuloga. Munganga anayeuliza vizuri atauliza swali lingine: «Unafanya kazi gani? Munachomea wapi?» Mara nyingine munachomea jikoni, mama na mutoto muchanga wakiwa palepale.

Munaona basi namna jibu linavyogeuza mambo. Kama ni uchawi, hakuna anayelipa, na pengine bibi muzee anafukuzwa katika muji. Kama ni ugonjwa, mutuele inaingia. Kama ni ugonjwa wa kazi, na mutu ana kontra, patroni na CNSS wanaingia. Mwili ni uleule na mutetemeko ni uleule. Kwa hiyo anayetoa jibu anapaswa kuwa mutu anayejua, na asiye na faida katika jibu lenyewe.

ANAYELIPA ASIWE YEYE ANAYEHUKUMU

Makompani na mutuele kubwa zina munganga-mushauri. Kazi yake ni kutazama karatasi za hospitali na kusema: hii ilipwe, hii isilipwe. Anaweza kuwa mutu mwema kabisa. Lakini mushahara wake unatoka katika kisanduku kilekile anachokilinda. Wazee wetu walijua jambo hilo: watu wawili wakishindania shamba, hawamuiti mumoja wao kukaa katika kiti cha muamuzi.

Dawa yake ni ya zamani. Munganga wa mugonjwa akisema «ndiyo» na munganga wa kompani akisema «hapana», wanatafuta munganga wa tatu ambaye halipwi na upande wowote wa ugomvi. Anasoma karatasi zote, anamutazama mugonjwa ikiwezekana, na neno lake ndilo la mwisho.

Inchi nyingine zimetia jambo hilo katika sheria. Katika jimbo la California, kule Marekani, tangu mwaka 2001 mutu aliyekataliwa na bima yake anaweza kuomba waganga wa inje, wasiokuwa wa bima, watazame neno lake. Halipi kitu. Wakisema matunzo yanahitajiwa, bima inalazimishwa kuyatoa. Tangu sheria kubwa ya afya ya mwaka 2010, njia ya namna hiyo imefunguliwa kwa karibu bima zote za inchi ile. Mbele yake, mwaka 2008, sheria nyingine ilikataza bima zinazolipia magonjwa ya akili kuweka mipaka mikali kwa magonjwa hayo kuliko kwa magonjwa ya mwili. Wakongomani wengi wa mashariki waliopokelewa kule kama wakimbizi wanapaswa kujua mambo haya. Mukiwa na ndugu kule, muwaambie.

Je, mambo yalitengenezeka yote? Hapana. Mwaka 2019 muamuzi mumoja wa California aliona kwamba kompani kubwa ya bima ilikuwa imejiandikia kanuni zake yenyewe za kusema nani anahitaji matunzo ya akili, na kanuni hizo zilikuwa za kubana kuliko zile wanazozijua waganga. Kisha mahakama ya juu ilivunja sehemu kubwa ya hukumu ile. Lakini mwaka 2020 jimbo la California lilitoa sheria: kanuni za kuamua zitoke katika ujuzi wa waganga wa magonjwa ya akili. Hapa tunajifunza neno moja kubwa: anayeandika kanuni amekwisha kuhukumu nusu ya neno, hata mbele ya mugonjwa kufika.

Hapa karibu na sisi, Kenya ilibadilisha sheria yake ya afya ya akili mwezi wa 6 mwaka 2022. Inasema kwamba mutu mwenye ugonjwa wa akili ana haki ya kupata bima, na hairuhusiwi kumubagua. Sheria yao ya bima ya afya ya mwaka 2023 ikaweka tribinali ya kusikiliza mabishano. Sheria mu karatasi na dawa mu mukono ni mambo mawili, lakini bila karatasi hutakuwa na kitu cha kuonyesha.

Na tusisahau jambo la tatu. Tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1991, Umoja wa Mataifa ulitoa maongozi juu ya wagonjwa wa akili. Yanasema kwamba mutu akifungiwa katika hospitali bila mapenzi yake, lazima kuwe na baraza lisiloegemea upande wowote la kutazama tena neno lake. Basi kutazama upya kunakwenda pande mbili: kunamulinda mutu anayenyimwa matunzo, na kunamulinda anayefungiwa kwa nguvu. Fikirini wale wanaofungwa minyororo nyuma ya nyumba ya maombi ao ya mufumu. Nani anakwenda kutazama neno lao?

TUFANYE NINI SISI?

Waganga wa magonjwa ya akili ni wachache sana katika inchi yetu. Kuko hospitali ya magonjwa ya akili ya Kinshasa, CNPP. Mabruda wa Karita wana vituo vyao: SOSAME kule Bukavu, Tulizo Letu kule Goma, na kituo cha Dokta Joseph Guislain kule Lubumbashi. Toka Wamaza mpaka huko ni safari ndefu na barabara munazijua. Lakini mambo fulani yanaweza kufanywa hapahapa.

1. Ombeni «hapana» iliyoandikwa. Akikataa kulipa, aandike sababu, tarehe na jina lake. Neno la mudomo linageuka kila siku, karatasi haigeuki.

2. Tunzeni fishi. Muombe mufirmie wa kituo cha afya asiandike «wazimu» tu. Aandike ugonjwa ulianza lini, kama mutu analala, anakula, anafanya kazi, kama amesema anataka kufa, alipewa dawa gani na zilimusaidia namna gani. Aandike pia kazi yake, zaidi sana kama anagusa zebaki.

3. Tafuteni munganga wa pili ambaye halipwi na kompani wala mutuele ile. Kama mugonjwa hawezi kusafiri, karatasi zake zinaweza kusafiri. Leo hata picha ya simu inafika Bukavu.

4. Mwenye kontra aende kwanza kwa sendika, kisha kwa ispekta wa kazi. Sheria inataka ispekta ajaribu kuwapatanisha mbele neno halijafika kwa tribinali ya kazi. Musiogope kwenda, ni kazi yake.

5. Ninyi wa komite za mutuele na za koperative, andikeni kanuni leo, mbele mutu hajawa mugonjwa. Wekeni watu watatu wa kutazama upya neno lililokataliwa, na mumoja wao awe munganga ao mufirmie asiyepokea mushahara wa mutuele. Wekeni siku za kujibu. Kama kisanduku ni kidogo, anzeni na kidogo: dawa ya kifafa, na kuonana na munganga mara moja kwa mwezi. Kidogo kilichoandikwa kinapita kikubwa cha kuombaomba.

6. Shikeni siri. Fishi ya mugonjwa haisomwi mbele ya mukutano. Mutu akijua kwamba jina lake litazunguka soko lote, hatakuja, na atakaa na ugonjwa wake mpaka umuangushe.

7. Kuko saa ya kutongoja karatasi. Mutu akisema anataka kujiua, musimuache peke yake. Ondoeni kamba, kisu na dawa za sumu karibu naye. Mumusikilize bila kumugombeza, na mumupeleke kituo cha afya siku ileile. Kuhusu feza mutabishana kesho. Na musimupige wala kumufunga. Fimbo haijamuponya mutu hata mumoja.

Ninyi vijana, neno moja kwenu. Mwenzenu akianza kukaa pembeni, musimutungie jina la kuchekesha. Mara nyingi ni ninyi munaoona wa kwanza, mbele ya wazazi. Mwende kwake wawili, mukae, mumuulize: «Ndugu, unalala?» Swali hilo dogo limefungua milango mingi. Na ninyi munaosoma hesabu, mujitolee kuwa waandishi wa mutuele. Wazee wanajua kusema haki. Wanahitaji mutu wa kuiandika vizuri.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA NA KATIKA VIKUNDI

— Mutuele, koperative ao kompani yetu inasema nini juu ya ugonjwa wa akili na kifafa? Nani amekwisha kusoma karatasi yenyewe?

— Mutu akikataliwa leo, kwetu anaweza kwenda kwa nani asiyekuwa wa upande wowote?

— Je, kuna mutu katika muji wetu aliyefungwa ao aliyefichwa kwa sababu ya ugonjwa huu? Nani atakwenda kumutazama juma hili?

— Zebaki inachomewa wapi kwetu? Karibu na watoto gani?